Dawa za kusafisha mfumo wa mafuta ya gari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yametokana na miaka ya kufungua matanki, kupima nozeli (vifaa vinavyopuliza mafuta ndani ya injini) na kusikiliza wenye magari katika gereji moja ya Dar es Salaam. Nimeyaandika kwa sababu naumia kuona mtu akinunua chupa ya tatu ya dawa wakati gari lake lilihitaji plagi tu, na naumia vilevile kumwona mwingine akibadilisha nozeli zote nne ambazo zingeweza kusafishwa.

Dawa hii hufanya kazi gani hasa ndani ya gari?

Huondoa ukoko. Petroli ikikutana na joto huacha utandu mwembamba unaonata, na utandu huo ukipikwa siku baada ya siku huwa mgumu kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Hukaa hasa sehemu tatu: kwenye ncha ya nozeli, nyuma ya valvu za kuingizia hewa, na ndani ya chumba cha kuunguzia mafuta pamoja na kichwa cha pistoni. Kiini cha dawa nzuri kimeundwa kama sabuni, kwa maana kwamba upande mmoja hushika uchafu na upande wa pili hukubaliana na petroli, hivyo ukoko hubanduka kidogo kidogo, hubebwa na mafuta, huungua na kutokea kwenye ekzosi.

Hayo ndiyo mawanda yake yote. Dawa haifufui plagi iliyokufa wala koili (kifaa kinachoipa plagi umeme) iliyopasuka, haiongezi nguvu ya pampu iliyochoka, haizibui chujio lililojaa mchanga na haizibi ringi za pistoni zilizolika. Ukilishika hili vizuri, maswali mengi yanayofuata yatakuwa rahisi.

Ukoko unatoka wapi ilhali ninajaza mafuta kwenye sheli ninayoiamini?

Hutoka kwenye petroli yenyewe, hata iliyo safi, na kwenye namna gari linavyotumika. Injini ikizimwa, mafuta yaliyokuwa yakipita na kuipoza nozeli husimama, huku joto la chuma likiendelea kupanda hadi kwenye ncha yake, na tone dogo lililobaki pale hukauka likaacha alama. Kila unapozima injini iliyochemka, jambo hili hujirudia. Ndiyo maana gari la kupeleka watoto shule, kupita sokoni na kurudi nyumbani huchafuka nozeli mapema kuliko gari linalokwenda Morogoro na kurudi, ijapokuwa la pili limetembea kilomita nyingi zaidi.

Kiasi cha sabuni ambacho msambazaji ameweka kwenye petroli nacho kina uzito wake. Nchini Marekani sheria inataka petroli iwe na kiwango cha chini cha sabuni hiyo tangu mwaka 1995, na bado mwaka 2004 watengenezaji wa magari wakiwamo Toyota, Honda, BMW na General Motors waliona kiwango hicho hakitoshi, wakaanzisha alama yao ya petroli yenye sabuni zaidi, iitwayo Top Tier. Watu waliounda injini hizi, kwa hiyo, hawalichukulii suala la ukoko kama porojo za wauza chupa.

Wengine huuliza kama kupunguzwa kwa salfa kumemaliza tatizo. Ni kweli kwamba tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia viwango vya chini zaidi vya salfa kwenye mafuta, na hiyo ilikuwa hatua kubwa kwa mapafu yetu, lakini salfa ni jambo moja na sabuni ni jingine. Petroli yenye salfa kidogo bado inaweza kuacha ukoko.

Nitajuaje kwamba gari langu linaihitaji?

Dalili ambazo dawa inaweza kuziondoa ni hizi: injini inatetemeka ikiwa sailensa, yaani inapounguruma gari likiwa limesimama, asubuhi inawaka kwa shida kidogo, ukikanyaga mafuta inasita kabla ya kuitika, na ulaji wa mafuta umepanda polepole katika kipindi cha miezi, si kwa siku moja. Neno muhimu ni *polepole*. Ukoko hujengeka taratibu, kwa hiyo gari lililokuwa zima jana na leo linamisi vibaya, yaani silinda fulani haiunguzi mafuta ipasavyo, lina ugonjwa mwingine.

Kabla ya kununua chupa, fanya vitu vya bei nafuu kwanza. Toa chujio la hewa ulitazame juani. Fungua plagi uzikague rangi na mwanya wake. Kama taa ya injini inawaka, peleka gari likapimwe kwa mashine ili usome kosa lililoandikwa, maana mashine itakuambia ni silinda ipi inamisi, na fundi anaweza kuhamisha koili ya silinda hiyo kwenda nyingine aone kama kosa linahama nayo. Likihama, tatizo ni koili, na hata ukitia chupa kumi hutaligusa.

Alikuja mteja mmoja na Toyota IST ambayo ilikuwa imetiwa chupa tatu kwa miezi miwili bila nafuu. Tulitoa nozeli zote nne tukazifunga kwenye mashine ya kupimia, ile yenye mirija minne ya kioo iliyochorwa vipimo. Tatu zilipuliza ukungu mzuri wenye umbo la pia. Ya nne ilitoa uzi mmoja uliopinda, kama bomba la maji lililozibwa kwa kidole, na mrija wake ulikuwa nyuma ya mingine kwa karibu robo. Nozeli hiyo ilikuwa imeziba kiasi kwamba mafuta yenye dawa hayakupata njia ya kutosha kuusugua uchafu. Iliogeshwa kwenye beseni la mawimbi ya sauti, ikarudishwa mashineni, na safari hiyo mirija yote minne ilijaa sawasawa. Somo nililolichukua ni kwamba dawa ya kwenye tanki hufanya kazi vizuri pale uchafu ungali mchache, na ukishakomaa, nozeli zitolewe.

Nitazame nini kwenye lebo?

Tafuta herufi PEA, kifupi cha polietaamini. Hicho ndicho kiini kinachostahimili joto la valvu na la chumba cha kuunguzia bila chenyewe kugeuka ukoko, na ndicho ninachokipendekeza kwa petroli. Kingine ni PIBA, ambacho kinasafisha nozeli na valvu vizuri, ila kikitumika kwa wingi kinaweza chenyewe kuongeza masizi ndani ya chumba cha kuunguzia. Kundi la tatu ni chupa zenye viyeyusho tu, vya jamii ya mafuta ya taa au tina ya rangi, ambazo huahidi kila kitu na hazitaji kiini chochote.

Usishangae kuona kwamba hata chupa nzuri ina mafuta ya aina hiyo kwa sehemu kubwa, kwa kuwa kiini kinahitaji kitu cha kukibeba. Swali la kumuuliza muuzaji ni kama kiini kipo. Lebo isiyotaja kiini, isiyosema chupa inatibu lita ngapi, na isiyoeleza kama ni ya petroli au dizeli, mimi huirudisha rafuni.

Je, dawa ya kuongeza oktani au ya kuondoa maji ni kitu kilekile?

Hapana. Ya oktani huzuia petroli kujilipua kabla ya wakati, haisafishi, na nyingine zina madini ya manganizi au chuma yanayoacha unga mwekundu kwenye plagi. Ya kuondoa maji kwa kawaida ni alkoholi inayochanganya unyevu mdogo na petroli ili uungue pamoja nayo. Soma jina la kazi yake kabla ya kusoma bei.

Niitumieje?

Subiri mafuta yapungue hadi karibu robo ya tanki, mimina dawa, kisha jaza. Utaratibu huu una sababu yake: mafuta yanayoingia baadaye kwa kasi ndiyo yanayokoroga dawa ikasambaa tanki zima. Baada ya hapo endesha gari mpaka mafuta hayo yakaribie kuisha, bila kuongeza mengine katikati, kwa sababu kila lita unayoongeza inapunguza makali ya dawa. Ikiwezekana tanki hilo litumie kwa safari ndefu yenye mwendo wa kutulia. Anayejaza mafuta ya elfu kumi kumi kila asubuhi hapati faida kamili ya chupa yake, na ni afadhali asubiri wiki ambayo ana safari.

Kuhusu kipimo, piga hesabu badala ya kukisia. Kama chupa ni ya mililita 300 na lebo inasema inatibu lita 60, basi ni mililita 5 kwa kila lita moja ya petroli. Gari dogo kama Vitz, ambalo tanki lake likijaa litakuwa na kama lita 40, litahitaji mililita 200, na zinazobaki zifunge vizuri. Kuzidisha kidogo hakuui injini, lakini kumimina chupa mbili au tatu kwenye tanki moja kwa matumaini ya kupona haraka ni kutupa fedha, na mafuta hayo mazito kwa dawa yanaweza kufanya injini iungue vibaya na kutoa moshi.

Mara ngapi kwa mwaka?

Kila kilomita 5,000 hadi 10,000 inatosha kwa gari la kawaida la petroli. Safari fupi nyingi na foleni zikusogeze kwenye 5,000.

Nitie kabla au baada ya kubadilisha oili?

Kabla. Sehemu ndogo ya dawa na uchafu uliobanduka hupenya pembeni mwa ringi na kushukia kwenye oili. Kiasi hicho si cha kutisha, lakini hakuna haja ya kukibebesha oili mpya. Panga tanki lenye dawa liwe la mwisho kabla ya sevisi.

Gari langu ni D-4, na wengine wanasema dawa haifanyi kitu. Ni kweli?

Ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni muhimu. Katika injini ya kawaida nozeli hupuliza petroli nyuma ya valvu, kwa hiyo valvu huoshwa kila mara. Katika injini za kupuliza moja kwa moja ndani ya silinda, ambazo Mitsubishi ilianza kuziuza kwa wingi mwaka 1996 kwa jina la GDI na Toyota ikaziita D-4, petroli haigusi nyuma ya valvu hata kidogo. Mvuke wa oili unaorudishwa kwenye njia ya hewa hujikusanya pale na kuokwa, na hakuna unachokitia kwenye tanki kitakachoufikia. Toyota Noah ya zamani na Premio zenye injini ya 1AZ-FSE, pamoja na Mark X yenye 4GR, zimo kwenye kundi hili. Nimewahi kuingiza bisibisi kwenye tundu la hewa la injini ya namna hiyo na kukwangua tabaka nyeusi nene, laini juu na ngumu chini, iliyokuwa imeacha upenyo mwembamba wa hewa kupita.

Hata hivyo nozeli za D-4 zenyewe zimo ndani ya moto wa silinda, zinachafuka, na dawa yenye PEA inazifikia na kuzisaidia. Kwa hiyo itumie kwa ajili ya nozeli, na valvu uzipangie kazi yake: kufungua manifoldi ya hewa na kuzisafisha kwa mkono. Zipo baadhi ya injini za Toyota, za D-4S, zenye nozeli za aina zote mbili, na kwa hizo valvu huoshwa.

Na dizeli?

Nunua ya dizeli, na usitie kamwe ya petroli. Pampu ya dizeli na nozeli zake hulainishwa na dizeli yenyewe, na kitu kinachopunguza ulaini huo kinasaga chuma kwa chuma. Kwenye injini za komoni reli, ambazo nozeli zote hulishwa na bomba moja lenye shinikizo kubwa, kama 1KD ya Hilux na Prado, shinikizo hufika zaidi ya bar 1,000, na matundu ya nozeli yana kipenyo cha takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Hapo uchafu mdogo unafanya kazi kubwa ya uharibifu. Dawa nzuri ya dizeli inasafisha, inaongeza ulaini na wakati mwingine inapandisha seteni, kipimo cha wepesi wa dizeli kuwaka, ili injini iwake kwa wepesi.

Lakini kwa dizeli kinga ya kwanza ni chujio, na ningependa kila mwenye gari la dizeli alikumbuke hili kabla ya kufikiria chupa yoyote. Badilisha chujio kwa wakati, nunua lenye ubora, na fungua koki ya chini yake utoe maji yaliyojikusanya. Nozeli ikishaanza kurudisha mafuta kupita kiasi kwa sababu imelika ndani, dawa haitairudishia chuma kilichokwisha, na fundi ataithibitisha hali hiyo kwa kupima mafuta yanayorudi kutoka kila nozeli. Magari ya dizeli yenye chujio la masizi kwenye ekzosi, kama Mazda CX-5, yapewe tu dawa ambayo lebo yake inasema wazi kwamba inafaa kwa mfumo huo.

Je, dawa inaweza kuziba chujio au kuua pampu?

Kwenye tanki safi, haiwezi. Kwenye gari lililokaa uwanjani mwaka mzima au lenye tope la miaka, usianze na dawa. Magari mengi ya Japani yana pampu ndani ya tanki, chini ya kiti cha nyuma, na kwenye ncha yake kuna soksi ndogo ya wavu. Soksi hiyo ikiwa imevaa matope ya kahawia, pampu inanyonya kwa taabu na kupata joto. Toa pampu, safisha tanki, badilisha soksi na chujio, ndipo uzungumzie nozeli.

Itanipunguzia ulaji wa mafuta?

Itarudisha kile ambacho ukoko ulikuwa umekuibia, basi. Gari safi halitaona tofauti, na chupa inayoahidi kupunguza ulaji kwa kiwango kikubwa katika gari lolote haisemi kweli.

Nilijaza mafuta mabaya. Nitie dawa?

Usitie, na kama gari bado limezimwa, usiliwashe. Mimi mwenyewe niliwahi kuishiwa njiani na kununua petroli ya kwenye dumu. Gari lilikwenda kama kilomita mbili likaanza kukohoa, nami kwa haraka nikatia dawa niliyokuwa nayo, kisha likazima kabisa. Tulipochota mafuta kutoka kwenye tanki na kuyaweka kwenye chupa ya kioo, baada ya dakika chache mstari ulijichora wazi: petroli juu, maji chini, karibu vidole viwili. Dawa ya kusafisha haiwezi kuondoa maji ya kiasi hicho. Dawa yake ni kumwaga tanki.

Kwa mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa, dondosha matone kwenye karatasi nyeupe uyaache kivulini. Petroli huruka ikaacha karatasi kavu, ilhali mafuta ya taa huacha doa la grisi. Uchakachuaji ulitusumbua sana Tanzania, hadi EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba (kemikali ya kutambulia mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 na kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa mwaka uliofuata ili kuondoa kishawishi cha bei. Ukishuku, tunza risiti na toa taarifa. Usiufunike ushahidi kwa chupa ya dawa.

Mafuta ya taa kidogo, au asetoni, si yatafanya kazi ileile kwa bei nafuu?

Hayafanyi. Mafuta ya taa hushusha oktani na injini hugonga. Asetoni hushambulia mipira na sili za mfumo wa mafuta, na kuvuja kwa petroli karibu na injini yenye moto ni hatari ambayo hakuna akiba inayoweza kuihalalisha.

Gari langu limefungwa mfumo wa gesi. Bado nahitaji?

Unahitaji, ila kwa namna tofauti. Magari mengi ya Dar es Salaam sasa yanatembelea gesi asilia, na wakati gesi inafanya kazi nozeli za petroli zinakaa bila kupitisha kitu huku zikipata joto lote, na petroli kwenye tanki inazeeka. Endesha kwa petroli walau kilomita chache kila siku, usiache petroli ileile ikae miezi mingi, na siku ya kutia dawa zima gesi utumie petroli mpaka tanki lile liishe. Ukitia dawa kisha ukarudi kwenye gesi, dawa yote itabaki imelala kwenye tanki.

Bodaboda inaweza kutumia?

Inaweza, kwa kipimo. Tanki la lita 10 kwa hesabu ile ya juu ni mililita 50, na bomba la sindano lisilo na sindano linapima vizuri. Ila kabureta ya pikipiki hufunguka kwa dakika chache, na jeti iliyoziba kwa vumbi inazibuliwa kwa hewa ya kompresa haraka kuliko kwa dawa yoyote.

Nitatambuaje chupa bandia?

Angalia foili chini ya kifuniko, maandishi yaliyochapwa bila kufifia, na namba ya toleo iliyopigwa kwenye chupa yenyewe badala ya kwenye karatasi tu. Nunua dukani penye risiti. Chupa inayouzwa dirishani kwenye foleni kwa nusu ya bei ya dukani, sijawahi kuiona ikiwa halisi.

Iliyobaki niitunze vipi?

Ifunge, isimame wima, mahali penye kivuli, mbali na jiko na mbali na watoto, kwa kuwa inawaka kama petroli na ni sumu ikimezwa. Usiiache kwenye buti la gari linalokaa juani siku nzima. Ikidondoka kwenye rangi ya gari ifute mara moja na uoshe kwa maji na sabuni. Ikigusa ngozi, nawa. Chupa tupu usiigeuze ya maji wala ya mafuta ya kupikia, hata ukiisuuza mara ngapi.